Hotpoti Moja ya Mtori

Mwezi uliopita, baada ya ibada ya Kiswahili, mama mmoja kijana alinifuata mpaka chooni, akafungua bomba la maji ili tusisikike nje, akaniuliza, "Bibi, ni kweli Manka alibebwa na mama mwingine?"

Nikamwambia, "Ni kweli. Na funga hayo maji, unayamwaga bure."

Akaanza kulia. Nikajua ana shida ileile. Nilimsimulia palepale huku watu wanagonga mlango, lakini habari hii haiwezi kwisha chooni. Ndiyo maana naandika. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mambo ya kidaktari usiyatafute humu. Mimi najua viti nilivyokalia, na vile nilivyoshindwa kukalia.

Manka ni mjukuu wangu. Yuko darasa la chekechea, namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na ugomvi wetu unaendelea vizuri tu. Mama yake ni Aika, kitinda mimba wangu. Baba yake ni Eli, anapakia mizigo ya ndege kule Malton. Tunaishi Toronto, barabara ya Dixon, ghorofa ya kumi na nne, ndege zinapita karibu na dirisha mpaka naziona matumbo.

Nilikuja huku kwa sababu Aika alinipigia simu Marangu na hakusema neno. Enzi hizo kulikuwa na kadi za simu za kukwangua namba, dakika zinakwisha huku mtu analia tu. Mimba mbili zilikuwa zimetoka. Kizazi chake kilikuwa na uvimbe, wakaukata, ukarudi. Nikauza ndama, nikapata viza, nikashuka Toronto mwezi wa pili nimevaa makubazi na soksi.

Nisikufiche, kuishi na mkwe ndani ya vyumba viwili ni adhabu. Kwetu mkwe wa kiume unampa heshima yake kwa mbali. Mimi na Eli tulikuwa na bafu moja. Nilikuwa nasubiri nisikie mlango wa lifti umemchukua ndipo nitoke chumbani na kanga yangu. Naye, maskini, alikuwa anakohoa kuanzia mwisho wa korido ili nijue anakuja.

Baridi ile ya kwanza ilikuwa ya sindano. Zilikaa kwenye friji, kando ya mchicha. Kila jioni Aika anafunua tumbo, limejaa madoa ya zambarau na ya njano, anatafuta mahali ambapo hapajachomwa. Eli alipewa kazi ya kuchoma, lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka. Siku ya tatu nikamnyang'anya. Nimechoma ng'ombe wangu miaka mingi, wa kunenepesha na wa homa.

Aika akasema, "Mama, mimi si ng'ombe."

"Najua. Ng'ombe hatikisiki hivi."

Alicheka mpaka sindano ikanipotea. Kicheko hicho nilikihifadhi, maana vingine havikuja upesi.

Kliniki ilikuwa inafungua alfajiri kwa ajili ya kutoa damu. Tunapanda basi kabla jua halijatoka, theluji inalia chini ya viatu, tunafika tunakuta wanawake wameshajaa. Mlangoni pamebandikwa karatasi, Aika akanisomea: tafadhali usije na watoto. Nilikaa nikitazama ile karatasi. Chumba kizima cha wanawake wanaotafuta mtoto, na mtoto haruhusiwi kupita mlangoni. Lakini baada ya wiki kadhaa niliielewa. Kuna mmoja alikuja na kichanga siku moja, labda hakuwa na wa kumwachia, na chumba chote kikatazama sakafu kama tumeangusha kitu.

Humo hakuna anayemsalimia mwenzake. Mimi sikuweza. Nilisalimia wote, kila siku, kwa Kiswahili, wakazoea. Kisha nasimama, natembea mpaka kwenye jagi la maji, narudi, nasimama tena. Aika ananivuta kanga: "Mama, kaa chini, unanichosha." Nakaa. Mguu wenyewe unaendelea kucheza.

Mimba ikaingia. Miti ya huku ilipoanza kutoa vichipukizi vyekundu, ikatoka. Kiangazi kikapita Aika akiwa anavuja damu kidogo kidogo, na majani yalipoanza kudondoka akavuja kwa wingi. Nilimkuta bafuni amekaa sakafuni, ameegemea beseni, ananiambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, ita gari."

Hospitali walituambia ni kizazi au ni yeye. Eli akasaini. Mkono ule uliotetemeka kwa sindano haukutetemeka kwa kalamu. Alipomaliza akaenda kusimama uso ukutani, nami kwa mara ya kwanza nikasahau heshima za mkwe, nikamshika mgongo.

Nesi mmoja alimletea Aika blanketi lililotoka kwenye kabati la moto. Lina joto kama chapati. Akamfunika, kisha akaniona, akaleta la pili akanifunika na mimi. Sijui jina lake. Namwombea mpaka leo.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Eli akawa anachukua ovataimu, akirudi analala kwenye kochi. Pedi zilibaki kabatini, paketi tatu, na Aika hakutaka mtu aziguse. Siku moja nilimkuta amefungua kabati anazitazama. Akasema, "Mpe jirani," akaenda kazini. Ndiyo mazishi tuliyofanya.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja. Kabla ya mambo hayo, wale wa kliniki walikuwa wamechukua mayai yake na mbegu za Eli, wakaviunganisha, na vingine vikagandishwa. Yaani wajukuu zangu walikuwa kwenye friza ya mjini. Kila nikifungua friza yetu kutoa samaki nawakumbuka. Hapa Kanada mwanamke anaweza kukubebea mimba yako kwa hiari yake, na kuna ofisi zinazokutanisha watu. Aika alitafuta kama nusu mwaka. Ndipo akapatikana Trisha.

Tulionana naye kwenye mkahawa wa kando ya barabara kuu, kaskazini, mwendo wa saa mbili kwa gari. Mwanamke mpana, nywele fupi, anaendesha basi la shule. Ana wavulana wawili, mume wake anatengeneza matrekta. Aliagiza chai akaitia maziwa mengi, nikaanza kumpenda, lakini sikuonyesha.

Nikamwambia Aika, "Muulize kwa nini anataka kubeba mtoto wa watu."

"Mama, huwezi kumuuliza mtu hivyo."

"Ndiyo maana nakwambia umuulize wewe."

Akauliza huku ameinamisha uso. Trisha akanitazama mimi, si Aika. Akasema mimba zake huwa hazimsumbui, na dada yake alihangaika miaka mingi asipate, akafa kwa ajali bado anahangaika. Akasema, "Siwezi kumsaidia yeye tena."

Nikasema, "Muulize, akimsikia anacheza tumboni, atampa mtu kweli?"

Aika hakutafsiri hilo. Lakini Trisha alikuwa ameniona ninavyoonyesha tumbo. Akasema taratibu, "Mwambie mama yako, mimi nalea tu. Mtoto nimemkuta ameshakuwa wenu."

Nilirudi nyumbani sijatulia. Mtu anaweza kusema hivyo tumbo likiwa tupu.

Mara ya kwanza walipompandikizia haikushika. Ya pili, mwezi wa kumi na moja, ikashika. Na mimi wasiwasi ndiyo ukapanda. Mimba ya mwanao unaiona, unaipikia, unaijua usiku umelalaje. Hii iko kaskazini inaendesha basi kwenye barafu. Nilikuwa natembea korido ya ghorofa yetu kutoka kwenye lifti mpaka kwenye ngazi, kwenda na kurudi, majirani Wasomali wakadhani nafanya mazoezi, mmoja akaanza kutembea nami. Aika alikuwa anaongea na Trisha kila Jumapili. Akimaliza nauliza, "Anasemaje?" Ananijibu, "Anasema uache kutembea."

Sasa ndiyo nafika kwenye kosa langu.

Jumamosi moja asubuhi, theluji inayeyuka, simu ikalia. Ni mama yake Eli, mkwe wangu, kutoka Marangu. Hakujua lolote. Hakujua kizazi kimetolewa, hakujua Trisha yupo. Aika na Eli walikuwa wameamua kukaa kimya mpaka mtoto awe mikononi, na mimi niliapa.

Akanisalimia vizuri, akauliza baridi, akauliza miguu yangu. Kisha akasema, "Mkwe wangu, mimi sina ubaya na Aika. Lakini nimeongea na wazee. Kuna binti wa Rombo, ametulia. Eli akija likizo, azae tu mtoto, kisha arudi kwa mke wake. Wewe ni mtu mzima, utamwelewesha binti yako."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikasema, "Binti wa Rombo wa nini, na Aika ana mimba ya miezi minne?"

Yakanitoka. Nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi, nikayasikia kama anayasema mtu mwingine. Yule mama akapiga kigelegele mpaka nikatoa simu sikioni. Na mimi, badala ya kusahihisha, nikaongeza: "Ndiyo, na anakula vizuri."

Nikajiambia si uongo wote. Mimba ipo, ni ya Aika, ni ya Eli, miezi ni minne. Tumbo ndilo la mtu mwingine. Nani atauliza habari za tumbo?

Waliuliza wote. Habari ilitoka Marangu ikafika Toronto kabla ya wiki kwisha, kila mtu ana simu. Jumapili baada ya ibada tunakunywa chai, mama mmoja wa kwaya anakuja amefungua mikono. "Aika, mbona mchoyo hivyo, tunasikia habari njema kutoka nyumbani?" Akaweka kiganja tumboni kwa Aika, palepale kwenye kovu. "Mbona kitumbo hakionekani? Miezi minne gani hii, dada? Au unakibana na mkanda?" Wengine wakacheka, wakasogea. Kila mmoja anataka kugusa.

Aika aliweka kikombe mezani, akachukua koti. Ndani ya gari, Eli anaendesha, mimi nyuma, akageuka akanitazama.

"Daktari alinitoa kizazi mara moja," akasema. "Wewe umenitoa mara ya pili, mbele ya watu."

"Mwanangu, mama mkwe wako alikuwa anataka kuleta—"

"Sitaki kujua alitaka nini. Mimi sioni aibu kwamba Trisha ananibebea. Wewe ndiye unaona. Utamwambia mama mkwe ukweli kwa mdomo wako uleule. Mpaka umwambie, mtoto wangu hutamshika."

Eli aliwasha wiper na mvua hainyeshi.

Utasema, ni simu tu, si upige? Nilipiga. Mara ya kwanza nikauliza habari za ng'ombe, nikakata. Mara ya pili akaanza yeye kuniambia anaota mjukuu, nikakata. Ya tatu nilikuwa nimekaza roho, akaniwahi: amepata mtu anayesafiri, ametuma vitu vya mzazi. Vikafika kweli, vimefungwa ndani ya vitenge viwili: kopo la samli ya ng'ombe wake mwenyewe. Nikafungua, harufu ya jiko la kwetu ikajaa fleti nzima. Aika akatoka chumbani, akanusa, akatazama kopo, akanitazama mimi. Akarudi ndani akafunga mlango, polepole, na hicho ndicho kilichoniuma.

Alikuwa na kazi zake mle ndani. Alikuwa anakunywa vidonge na kujikamua kwa mashine, maana walimwambia mwanamke asiyezaa anaweza kupata maziwa akivumilia. Mashine inalia kama nyuki saa nzima. Wiki tatu hakuna kitu. Kisha siku moja alitoka na kichupa, matone manne chini yake, akampa Eli akiangalie. Mimi nilikuwa nimekaa palepale mezani. Nilikitazama kikipita.

Nilijiambia bado kuna muda, mtoto anatarajiwa mwezi wa nane. Lakini mwisho wa mwezi wa saba, joto limezidi, miguu ya Trisha ikavimba na presha ikapanda, wakamleta kwa gari la wagonjwa mpaka hospitali kubwa ya mjini. Aika na Eli wakakimbilia huko. Kabla ya kutoka Aika aliniambia, "Wewe baki. Unajua kwa nini."

Nilibaki siku nzima. Nilifagia palipofagiwa. Kesho yake asubuhi Eli akapiga: wameanza kumpa dawa ya uchungu. Basi sikuweza tena. Kwetu mzazi hali kitu kabla ya mtori. Atazaa malkia, atazaa mwizi, atakula mtori. Nilikuwa na ndizi mbichi za duka la Wahindi na mfupa wa ng'ombe. Nikamenya kwa haraka bila kupaka mafuta mikononi, utomvu ukanishika mpaka vidole vikawa vyeusi kama vya fundi baiskeli. Nikachemsha, nikaponda kwa mwiko mpaka ukalainika, nikatia samli ya mkwe vijiko vitatu. Nikajaza hotpoti, nikaifunga na kitenge, nikapanda basi na treni na karatasi yenye jina la hospitali. Kila kituo nasimama nikidhani nimefika.

Nilifika mtoto ameshazaliwa. Nesi akauliza namtafuta nani. Nikasema kwa Kiingereza changu, "Mama wa mtoto." Akaniuliza, "Yupi?"

Kulikuwa na milango miwili inatazamana. Wa kushoto una kioo. Aika amekaa kwenye kiti kirefu, shati wazi, kitu kidogo cheusi chekundu kimelala kifuani pake na kofia ya kufuma. Midomo yake inatembea, anamwambia kitu. Sijawahi kumwona mwanangu ametulia hivyo tangu alipokuwa yeye ndiye anayenyonya.

Wa kulia uko wazi nusu. Trisha yuko peke yake, mume wake amekwenda kuwachukua watoto. Amekaa kitandani, uso kama karatasi, meno yanagongana. Alikuwa amepoteza damu nyingi. Mezani wamemwekea mkate baridi na glasi ya maji yenye vipande vya barafu. Mzazi, na barafu.

Na mimi nina hotpoti moja.

Kama ningeingiza mtori ule kushoto, ningekuwa namalizia uongo wangu vizuri kabisa: huyu ndiye mzazi, amezaa, anakula. Ningeupeleka kulia, Aika akinyanyua macho ataona mama yake mzazi anamlisha mwingine chakula cha aliyezaa. Nilisimama pale mpaka nesi akaniuliza kama naumwa.

Nikaingia kulia. Barafu nikaimwaga kwenye sinki. Nikamfunga Trisha kitenge mabegani, nikafungua hotpoti, mvuke ukapanda. Akauliza ni nini. Nikamwambia, "Kula." Akala kijiko kimoja, akafumba macho, kisha akala kama mtu aliyetoka kulima. Meno yakaacha kugongana. Katikati akauliza, "Umemwona?"

"Bado."

"Nenda ukamwone."

"Kula kwanza."

Akaanza kulia huku anakula, nikampangusa kwa ncha ya kitenge. Akasema si huzuni, ni mwili tu umechoka. Nilimwamini. Nilimwona alivyokuwa anatazama ule mlango wa pili, kama mtu aliyefikisha mgeni salama.

Ndipo Eli akatokea koridoni, simu inalia mkononi, ameishika kama kiazi cha moto. "Mama," akaniambia, "ni mama, kutoka Marangu."

Nikaichukua. Nilisimama katikati ya milango miwili, nikaongea kwa sauti yangu yote ya sokoni, maana ningeongea kwa kunong'ona ningekimbia tena.

"Mkwe wangu, mtoto amezaliwa. Ni wa kike. Lakini nisikilize, nilikudanganya. Aika hakuwa na mimba. Aika hana kizazi, walikitoa baridi mbili zilizopita ili asife. Mtoto ni damu ya Aika na damu ya Eli, amebebwa na mwanamke wa hapa anaitwa Trisha, na ndiye aliyemzaa. Aika hana kosa. Mwongo ni mimi."

"Eli alijua?" akauliza.

"Alisaini kwa mkono wake."

"Binti yangu akakatwa, na mimi namletea habari za Rombo."

Nikamsikia anapenga kamasi.

"Na huyo aliyezaa," akasema, "amekula?"

"Anakula sasa hivi. Mtori."

"Umetia samli?"

"Nimetia."

"Yangu?"

"Yako."

"Basi jioni mpikie tena. Usimpe mara moja halafu ukamwacha." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama anaogopa kujibiwa, "Mtoto anaitwa nani?"

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Nikamtazama Eli. Eli akatikisa kichwa kukubali huku machozi yanamtoka.

"Anaitwa wewe," nikasema. "Manka."

Nilipogeuka kurudisha simu, Aika alikuwa amesimama mlangoni kwake na mtoto kifuani. Sijui alisimama tangu lini. Alinitazama, akatazama chumba cha pili, Trisha ameshika kijiko na kitenge cha Marangu mabegani, na hotpoti iko tupu. Hakutabasamu. Alikuwa bado ana hasira yake, na alikuwa na haki nayo.

"Mama," akasema, "kanawe mikono."

Nilinawa mpaka viwikoni. Nikasugua, nikasugua tena. Utomvu wa ndizi hautoki kwa siku moja. Nikarudi nikamwonyesha viganja vyangu vyeusi, mbele na nyuma. Aika akavitazama, akanipa mtoto.

Nikatafuta kiti, nikakaa.